Mstari Uliopanda Hadi Darini

Kwenye mambo ya grafu, hajazaliwa wa kunikamata. Siku hizi mchumba hakubaliki ukweni mpaka aoneshe grafu ya kazi za nyumbani alizofanya mwaka mzima. Namba zinatoka serikalini, huwezi kuzigusa. Lakini mhimili wa pembeni uanzie wapi na uishie wapi, hilo unapanga mwenyewe. Basi wangu nikauanzisha kwenye kumi, nikaumalizia kwenye kumi na mbili, na namba zake nikazifanya ndogo kama mayai ya chawa.

Ukutani kwa kina Zulfa, mstari ukapanda kutoka sakafuni hadi darini.

"Huyu ndiye mkwe!" akasema baba yake. Shangazi akapiga vigelegele, sahani ya kaimati ikasogezwa mbele yangu. Zulfa akaona haya, akatabasamu.

Bibi yake, fundi cherehani aliyezoea kusoma futi kabla ya kugusa kitambaa, akavaa miwani na kuusogelea ukuta.

"Mume wangu," akanitania, "hizi kumi na mbili ni saa?"

Nikatafuna kaimati polepole.

"Ni dakika," akasoma mwenyewe. "Kwa wiki."

Zulfa akanitazama kama anayehesabu miaka arobaini ya vyombo vichafu.