Unga Kwenye Filta

Muuza vipuri aliikung'uta filta kuukuu ya hewa juu ya kaunta. Ukamwagika unga mweupe.

"Mzee wangu, pikipiki hii inavuta hewa au inasaga mahindi?"

"Nilikuwa naiegesha mlangoni pa mashine ya kusaga, nikimsubiri mke wangu atoke kazini."

"Basi chukua orijino, unga hauipenyi. Hii ya kampuni nyingine inamfaa mtu anayepita barabarani tu, pasipo unga. Bado unaegesha pale?"

Tangu mazishi ya mkewe, hakuna aliyemuuliza hivyo. Mzee aliigusa orijino kwa kidole, akaisukuma taratibu kwa muuzaji.

"Nipe hiyo nyingine."

Muuzaji akachukua kitambaa afute kaunta.

Mzee akawahi kuufunika unga kwa kiganja.

"Acha kwanza, mwanangu."