Upana wa Mpaka

Hemedi alipomaliza kubeba nguo zake na kuhama, mkewe Zamda alirudi kwenye kompyuta. Alikuwa akitengeneza chati duara ya matumizi ya maji ya kila nyumba, na kwa majaribio aliweka ya nyumba yao: yeye na mumewe. Akafuta jina la Hemedi. Kipande cha Zamda kikaenea taratibu, kikajaza duara lote kwa buluu. Ukabaki mstari mweupe, kutoka katikati hadi juu.

Bosi wake, aliyekuwa akiiona chati mtandaoni kutoka ofisini, akapiga simu.

“Dada Zamda, kipande ni kimoja tu. Huo mstari unatenganisha nini na nini?”

“Ni mpaka wa kipande, kaka. Nauondoa.”

Akaandika upana wa mpaka: sifuri. Duara likawa zima, buluu tupu.

Akalitazama. Kisha akafuta sifuri, akaandika moja. Mstari ukarudi, buluu huku, buluu kule.