Bakuli la Eikichi

Sahani nyingine ilipasukia kwenye jiwe la mlangoni, vipande vikamrukia Fusae miguuni.

"Wifi, una wazimu? Nimesema bakuli moja!"

Kinuyo aliingia ndani, akarudi na rundo jingine kifuani.

Hapo Mashiko, Japani, jeneza linapotoka nyumbani, bakuli ambalo marehemu alikuwa akilia wali huvunjwa mlangoni, ili ajue hana tena pa kula, asirudi. Fusae, dada mkubwa wa marehemu Eikichi, mfinyanzi, ndiye aliyetoa amri: "Lile la kahawia, wifi. Livunje, twende." Ndipo Kinuyo, mjane wa Eikichi, alipoanza kumwaga kabati zima.

Vikombe vya chai vilikwenda. Visahani vilivyong'arishwa kwa majivu ya kuni vilikwenda. Ikafuata sahani kubwa nyeusi, ile ambayo Eikichi aliirudisha tanurini mara kwa mara mpaka ilipong'aa alivyotaka.

"Hilo ni jasho la ndugu yangu!"

"Basi mfuate, umwambie nimesafisha kabati."

Wabeba jeneza waliinamisha macho. Kijiji kizima kilijua jinsi wawili wale walivyogombana, na jinsi Eikichi alivyolala penye tanuri zaidi kuliko nyumbani.

"Ulimchukia kiasi hiki?" Fusae alifoka. "Unaogopa hivyo asije akarudi?"

Kinuyo alitupa kikombe cha mwisho.

Fusae alipiga magoti, akapekua vipande. Vyekundu, vyeusi, vya kahawia, vyote vimechanganyika.

"Bakuli lake ni lipi hapa?"

"Chagua mwenyewe," alisema Kinuyo, akajipangusa mikono, akaelekea kwenye gari.

Fusae alibaki nyuma. Koo lilikuwa limemkauka kwa kufoka. Angekunywa maji, kisha angemfuata yule mwanamke na kumwambia mbele ya watu wote: kuanzia leo, usiniite wifi.

Akaingia jikoni kutafuta kikombe. Kabati lilikuwa tupu.

Juu ya meza fupi, mahali alipozoea kuketi Eikichi, palikuwa na bakuli lake la kahawia, lililomeguka ukingoni. Wali ndani yake ulikuwa bado unatoa mvuke. Vijiti vya kulia vililazwa pembeni, kama vya mtu aliyetoka mara moja tu.

Nje, gari la maiti lilipiga honi ndefu.

Fusae aliutazama mlango wa nyuma. Ulikuwa umefungwa.

Akaufungua, akauacha wazi.