Pacha wa Mtungi

Mjane wa ng'ambo ya barabara alipochomeka mwavuli uliolowa ndani ya mtungi, mwalimu mstaafu aliguta kana kwamba umechomekwa mbavuni mwake.

"Kaka," alisema dada yake bila kuinua macho kwenye sweta aliyokuwa akifuma, "mzee wa heshima hachungulii madirisha ya wajane."

"Simchungulii yeye. Nauchungulia mtungi."

"Kawaeleze hivyo polisi."

Mwalimu alirudisha jicho kwenye darubini ya shaba aliyoachiwa na babu yake. Dalali mmoja alikuwa amekuja tena na tena kuitaka kwa niaba ya tajiri asiyetajwa jina, na kila mara aliambulia chai na neno moja: haiuzwi. Mara ya mwisho alijifariji kwa kuupiga picha, pande zote, mtungi wa Kichina uliokuwa rafuni, wenye joka la buluu. Kisha akaaga kwa adabu.

Mitungi ya namna hiyo ilifinyangwa kwa jozi, na mwalimu alikuwa ameutafuta pacha wa mtungi wake tangu ujanani. Sasa joka lilelile lilikuwa limejikunja dirishani mwa mjane huyu aliyehamia juzi, mbele ya pazia zito lisilofunguliwa kamwe, likitunza miavuli! Penye miti hapana wajenzi.

Alikwenda kumsihi mlangoni.

"Mama, mtungi ule si wa miavuli."

"Nani kakwambia natia miavuli?"

Mwalimu alivitazama viatu vyake. "Nina darubini."

"Ala! Basi nipe hiyo, wajukuu wangu wakautazame mwezi. Nami nikupe mtungi."

"Haiwezekani, mama. Ni ya babu."

"Na miavuli ni yangu. Kwa heri, mwalimu."

Tangu hapo mjane akazidi. Alitia humo ufagio wa uani. Akamlaza na paka. Mwalimu alikosa usingizi. Alimfokea dada yake kwa chumvi iliyozidi, akamfokea na kwa chumvi iliyopungua.

"Siku ufagio wangu ulipovunja ukucha wa joka lako," dada alisema, "nilidhani nimeuona mwisho wa hasira zako. Kumbe ule ulikuwa utangulizi."

Asubuhi moja mjane aliusogeza mtungi mpaka ukingoni mwa dirisha, nusu ya kitako ikielea hewani, akaanza kukung'uta zulia kando yake.

Mwalimu alishuka ngazi mbio, darubini kifuani, kiatu mguu mmoja.

Alirudi akiukumbatia mtungi kama mtoto aliyeokolewa motoni. Aliuweka rafuni kando ya pacha wake, akaugeuza polepole ili majoka yatazamane. Mkono ukasita. Joka jipya nalo lilikosa ukucha; ukucha uleule, wa mguu uleule.

Kwa mazoea alinyoosha mkono kuitafuta darubini. Haikuwapo, wala haikuhitajika. Ng'ambo ya barabara pazia zito lilikuwa wazi; dalali alikuwa akiikazia darubini ya babu miguu mitatu ya shaba, na mjane, glavu nyeupe mikononi, alikuwa akitafuta nafasi kwenye ukuta uliojaa darubini.