Safu ya Wafiwa

Karani alimuuliza Beatrisi mara ya pili: amekuja kama shahidi, au kama mfiwa?

"Andika mama," alisema.

Karani alikuwa binti mdogo, jina lake Siham, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Aliandika, akainuka, akamshika Beatrisi mkono taratibu, akampeleka mpaka safu ya mbele walikokaa wafiwa.

"Pole sana, mama yangu."

"Asante."

Beatrisi alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, na hakukumbuka hata kona moja aliyopita. Wiki ya saba sasa mambo yalikuwa hivyo. Alipika akasahau chumvi, akala bila kujua kama imekosekana. Kile chumba cha mwanawe alikipita kama mtu anavyopita mlango wa jirani.

Ukumbi ulijaa. Jopo la uchunguzi lilikuwa limeahidi kikao cha wazi, na kweli milango ilikuwa wazi, vipaza sauti vimefungwa mpaka nje. Vifo vitatu vya mahabusu vilikuwa vimetokea katika kituo kimoja ndani ya mwaka mmoja. Kila familia ingesikilizwa, na kitabu cha mahabusu kingesomwa mbele ya watu. Askari waliotajwa kwenye malalamiko walikaa upande wa dirishani, wanne. Beatrisi hakugeuza shingo upande huo.

Kiti cha kando yake alikaa mzee mwembamba, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Miguuni kaweka mfuko wa plastiki wenye karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naitwa Eliudi, natoka Muheza." Alimtazama kidogo. "Na wewe ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Wangu ishirini na miwili. Nehemia. Alikuwa akiuza machungwa stendi."

"Nimelisikia jina lake."

Mzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyeridhika kwamba jina limefika mjini.

"Umelia?" akauliza.

"Bado."

"Hata mimi. Mama yake alilia mpaka sasa hawezi kutoka kitandani. Mimi nangoja tu, haiji." Akausogeza mfuko kwa mguu. "Wako alikuwa mtukutu?"

Beatrisi alifikiri. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe siku nyingi.

"Alikuwa mpole. Hata kuku alikuwa hawezi kuchinja. Sikukuu nilikuwa namwita jirani."

"Basi polisi huwapata hao hao," alisema Eliudi.



Mwenyekiti wa jopo, wakili mmoja wa makamo aitwaye Shariffa, alianza na Nehemia. Kitabu cha mahabusu kikaletwa. Katibu wa jopo akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: mtuhumiwa wa wizi wa pikipiki aliingizwa saa tatu asubuhi, akiwa mzima. Saa kumi jioni aliteleza chooni, akagonga kichwa. Alifariki njiani kwenda hospitali.

Nyuma ya ukumbi mtu alicheka kidogo, kicheko kikavu. Eliudi aliitwa. Alisema mwili ulikuwa na alama za kamba mikononi, na nyayo zimevimba. Wakili wa askari akamuuliza kama yeye ni daktari. Mzee akasema yeye ni mkata mkonge, akarudi kukaa.

"Kuna mwingine mwenye neno juu ya marehemu huyu?" Shariffa aliuliza.

Beatrisi alisimama.

"Mama, ngoja kidogo. Zamu ya mwanao itafika."

"Nasema juu ya huyu huyu."

Eliudi aligeuka akamtazama. Siham akamletea kipaza sauti. Beatrisi alikishika kwa mikono miwili, na sauti iliyotoka kwenye vipaza ilimfikia kama ya mwanamke mwingine aliyesimama nje barabarani.

"Nehemia hakuanguka chooni. Walimfunga mikono kwenye nondo za dirisha, wakampiga nyayo, wakitaka aonyeshe pikipiki. Hakuwa nayo. Saa saba mchana alikuwa ameshakata roho. Hiyo saa kumi iliandikwa baadaye. Walichana ukurasa mzima, wakauandika upya, mwandiko wa mtu mmoja."

Wakili wa askari aliinuka. Shariffa akamwashiria akae.

"Endelea, mama."

"Alikuwa anamwita Precious. Mpaka mwisho. Wao walidhani ni mchumba wake, wakawa wanamcheka."

Eliudi alitoa sauti ndogo, akajishika kifua. "Dada yake," alisema, wala hakumwambia mtu yeyote. "Mdogo wake wa mwisho. Mbona sikumtaja popote?"

Wakili wa askari alikuwa anapekua makaratasi yake, anayarudia yale yale.

Shariffa alivua miwani.

"Mama, ulikuwepo kituoni siku hiyo?"

"Sikuwepo."

"Basi haya umeyajuaje?"

"Aliyempiga alinisimulia. Kila kitu. Alikaa jikoni kwangu, akala, akasimulia."

"Unaweza kututajia jina lake?"

Beatrisi aligeuka upande wa dirishani.

"Bryson," alisema. "Huyo wa mwisho. Ndiye mwanangu."