Moyo wa Nge

Kosa halikuonekana. Everline aliisoma makala upya, kidole kikifuata mistari kwenye kioo cha kompyuta, na kila sentensi ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

"Madam, hiyo kompyuta ni ya malori, si ya nyota," alisema Ogendo, bosi wake, akipita na makaratasi ya forodha kwapani. Nje, foleni ya malori ya kuvuka kwenda Uganda ilikuwa imelala barabarani kama imekufa. "Umepata?"

"Hakuna kitu, bosi. Hata koma ziko mahali pake."

"Basi mwambie mzee ukweli. Mtu ameshinda, halafu unamficha ushindi wake? Hiyo ni dhambi, dada yangu."

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Mzee Ojakol, baba yake Everline, alikuwa ameandika makala kuhusu kundi la nyota liitwalo Nge, kwa ajili ya ensaiklopidia iliyokuwa ikijengwa kwenye mtandao na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Ni ule mwaka wa elfu mbili na moja, Busia nzima bado mtandao ni hadithi. Mzee aliandika kwa kalamu akiwa kitandani. Binti akachapa ofisini, akatuma. Mhakiki wa ng'ambo aitwaye Holm alisoma na kurudisha maswali: hapa fafanua, pale umerudia. Mzee alitukana, akarekebisha, akatukana tena.

Na hakuanza kutukana jana. Alikuwa mwalimu wa jiografia kule Sigalame, mpaka walimu walipokatwa mishahara kwa nguvu kuchangia harambee ya mkubwa fulani. Yeye peke yake alisimama mkutanoni akauliza pesa imeenda wapi. Alifutwa. Wale waliompigia makofi chini ya meza walipandishwa vyeo. Akabaki na nyota, ambazo hakuna mkubwa aliyeweza kuzikata. Everline akiwa mdogo, mzee alimbonyeza kifuani kwa kidole. "Nge ana moyo mwekundu, hapa. Ukiupata moyo, Nge mzima umempata."

Sasa ini lake lilikuwa limeharibika, na hospitali waliyompeleka ilikuwa na kila kitu isipokuwa dawa. Walirudishwa na maneno matupu: mpeni anachotaka kula, Pasaka hataiona.

"Makala ikipita, nimemaliza, mnitafutie mbao za jeneza," mzee alitangaza wakiwa njiani kurudi. "Lakini kabla haijapita sifi ng'o! Mimi nizikwe mzungu akicheka?"

Makala ilipita Februari. Holm alituma pongezi. Everline akazisoma, akazifuta, halafu akaandika mwenyewe kwa jina la Holm: aya ya mwisho haieleweki.

Mzee aliisoma aya yake, akaisoma tena. Akamtazama binti. "Huyu mzungu siku hizi anakunywa? Aya haina kosa hii." Everline hakuthubutu tena kusingizia kosa lisilokuwepo.

Hakuhitaji. Kuanzia hapo makosa yalikuja yenyewe. Kila karatasi iliporudi kutoka kwa mzee, penye kosa pamenyooshwa, lakini jipya limejipenyeza pengine: Januari penye Julai, kaskazini penye kusini. Mtu huyu aliwakumbuka walimu wote walionyamaza siku ile ya mkutano, jina kwa jina, na nani alivaa shati gani. Sasa anasahau kusini ni wapi. Ugonjwa umepanda kichwani, Everline alijiambia. Akayaokota yale makosa kama makombo, akampa Holm wake ayaulizie, na akalia kwenye choo cha ofisi ambako hakuna wa kumwuliza kuna nini.

Na Pasaka ilipita. Mahindi ya nyuma ya nyumba yalipaliliwa, yakachanua, na mzee bado anatukana.

Lakini wiki iliyopita maumivu yalimshika mpaka akauma shuka. Karatasi ilirudi na kosa la zamani limenyooshwa tu. Hakukuwa na kosa jipya popote.

Mchana huo, baada ya maneno ya Ogendo, Everline aliomba ruhusa, akatembea mpaka nyumbani Burumba na sentensi moja mdomoni: Baba, umeshinda. Njia nzima aliitafuna, na kila alipotaka kuimeza ilimkwama. Angefanya nini? Dawa hakuna. Makosa nayo yamekwisha.

Alimkuta barazani, ameegemezwa kwenye mto, amekonda kama ufito. Kalamu ilikuwa katikati ya vidole.

"Huyo mzungu wako anasemaje?"

"Baba, kuna kitu nataka kukuambia. Keti vizuri."

"Nikae vizuri na mifupa ya nani? Ngoja kwanza. Chukua hii."

Alimpa karatasi. Mwandiko ulitambaa kama njia ya konokono, lakini ulisomeka: *Nyota nyekundu ya Nge iko kwenye ncha ya mkia.*

Everline aliisoma. Hata hii, basi, imemtoka. Akainua macho.

Mzee alikuwa ameweka kidole kwenye kifua chake mwenyewe, pale pale pa moyo, akimtazama bila kupepesa.

"Nisamehe ya wiki iliyopita, mama," alisema taratibu. "Nilizidiwa. Sikukuwekea kosa."