Kanuni ya Kijapani

Gervas hakuwa na digrii. Hakuwa na gari, wala mke, wala mjukuu wa kumjibu kwa Kiswahili. Alikuwa na cheti cha shule ya jioni na uenyekiti wa chama cha wazungumzaji wa Kiswahili wa Stockholm.

Shuleni alijifunza jinsi waziri mkuu wa Japani anavyoongoza sera. Huchagua mawaziri mwenyewe, humtoa anayekaidi, na baraza hutoka na neno moja. Akijiuzulu, baraza zima huondoka naye. Gervas aliipeleka kanuni hiyo yote kwenye kamati ya chama. Waliipitisha kwa makofi, bila swali hata moja.

Leo, katika chumba cha mikutano kitongojini Vårby gård, ajenda ya kamati ilikuwa moja: matanga ya Dieumerci.

"Huyo alikuja chamani mara moja tu," Cliff alisema huku akitafuna andazi la mdalasini. "Alikuja kuazima sufuria."

"Na hakuirudisha," Rita akaongeza. Wakacheka.

"Basi sera iwe hivi," alisema Ronny, mweka hazina. "Asiyekaa matanga ya wenzake, na yake tusikae. Ama namna gani, Mwenyekiti?"

Gervas aliyatazama makombo kwenye ndevu za Cliff, akasukuma kando kikombe chake cha kahawa.

"Mimi sikubali," alisema Adelina, katibu. "Mjane Getrude yuko Upplands Väsby peke yake na watoto, mumewe hajazikwa. Nilikwenda juzi. Tulikuwa wageni wawili na kiti kimoja."

"Mama, usituharibie neno moja," Cliff alisema. "Mzee, mtoe. Si ndiyo Ujapani wako?"

"Mtoe," Rita akasema.

Ronny naye akainua mkono, mdomo ukiwa umejaa.

Kinyaa kilimpanda Gervas. Majira yote yale ya baridi alikuwa akienda darasani baada ya kazi, na matunda yake ndiyo haya.

"Kanuni ni kanuni," alisema. "Barua nitaiandika leo."

"Andika, Mzee," Adelina alisema, akivaa koti. "Lakini kwa Getrude, nakwenda."

Wale watatu walimpigia Gervas makofi. Aliondoka bila kuwapa mkono.

Nyumbani alinawa kwanza, kisha akaandika, nakala moja kwa kila mwanachama:

"Leo najiuzulu uenyekiti. Kwa kanuni tuliyoipitisha, kamati nzima inaondoka nami. Uchaguzi wa kamati mpya utafanyika Jumamosi ijayo, nyumbani kwa marehemu Dieumerci. Kila mpiga kura aje na kiti chake, na sufuria yenye chakula."

Akazifunga bahasha, akashuka hadi kwenye sanduku la njano la posta, akazitumbukiza zote.